Naomba ushauri: baiskeli kuukuu kutoka Ubelgiji

Habari zenu wandugu. Chama chetu cha wauza makala (mkaa) na wachuuzi wa mboga hapa Lubumbashi kimeahidiwa kontena la baiskeli zilizotumika. Kontena la futi 40 huweza kubeba zaidi ya 400, kwa hiyo si jambo dogo.

Tatizo, nimeona picha. Nyingi ni za gia, matairi ya inchi 26, keria hakuna. Huku mtu anafunga magunia ya makala nyuma hadi yanampita kichwa, anasukuma toka porini mpaka mjini. Mafundi wetu wamezoea zile nzito za inchi 28, gia moja. Kibadilisha gia kikikatika barabara ya Kasenga, utakipata wapi? Jirani zetu Zambia, shirika la World Bicycle Relief huleta baiskeli mpya za Buffalo zilizoundwa kwa ajili ya mizigo. Sisi mfuko hauruhusu.

Waliowahi kupokea mzigo kama huu, niambieni: mliwachagulia wafadhili aina mnayotaka, au ni utovu wa adabu? Vipuri mliomba viwekwe humo humo? Msamaha wa ushuru pale mpakani Kasumbalesa, unaombwa kabla mzigo haujaondoka Ulaya?

La mwisho: tugawe bure au tuuze kwa bei nafuu, mtu alipe polepole, fundi apate mshahara? Mimi naona tuuze. Wamama wa chama wameninunia kwa hilo, na kwa kweli wana hoja: mwenye mtaji wa fungu mbili za lengalenga (mchicha) atalipa na nini?