Naomba ushauri: mama ana vidonda vya mdomo, nyumbani ameshatengewa kikombe

BintiNgamiani
Habari za jioni wapendwa. Nipo Tanga mjini. Mama yangu ana miaka 54. Tangu kabla ya mfungo uliopita, ndani ya mashavu yote mawili ametoka michirizi myeupe kama wavu, na katikati pamechubuka pakawa pekundu. Pweza wa jioni hali tena, ndimu na pilipili zinamtoa machozi. Tulidhani fangasi, akatumia dawa, wapi. Akapima Ukimwi, hana. Mwezi jana akakatwa kinyama kidogo kikapimwa, majibu yakaja: laikeni planasi ya mdomo. Daktari alikuwa na foleni, akatuambia tu "ni kinga ya mwili", akaandika dawa ya kupaka.

Sasa shangazi amemtengea kikombe. Mama hasemi kitu, anakiosha mwenyewe na kukiweka pembeni. Hilo linaniuma kuliko vidonda. Je, unaambukiza? Na kinga inamlaje mtu mdomo wakati hakuna mdudu?

MzeeWaPangani
Pole sana mwanangu. Asije akashauriwa kusukutua kwa ndimu. Mke wangu alishauriwa hivyo, akakaa siku tatu hali.

MamaPacha_Muheza
Shoga, anatafuna tambuu? Popoo na tumbaku vinaharibu sana mdomo. Kama anatafuna, aache kabisa.

TabibuWaMeno
Dada, nisalimie mama. Hauambukizi. Si kwa kikombe, si kwa kijiko, si kwa kumbusu mjukuu.

Swali lako la pili ni zuri, nivumilie. Chembe za ngozi laini ya mdomo zina vipokezi vya kunusa hatari, tunazaliwa navyo. Vinavyojulikana zaidi ni vipokezi vya Toll. Jina limetoka kwa nzi wa matunda: mwaka 1996 Jules Hoffmann na wenzake huko Ufaransa walionyesha kuwa nzi ambaye Toll yake imeharibika huuawa na fangasi. Mwaka 1998 Bruce Beutler, Marekani, akakuta kwa panya kipokezi cha jamii hiyohiyo ya Toll. Wote wawili wakatunukiwa Nobel mwaka 2011.

Binadamu tuna aina 10. Hazimjui mdudu mmoja mmoja. Kila aina hushika kipande ambacho wadudu wengi wanacho. Toll ya 4 hushika mafuta yenye sukari ya ukuta wa nje wa bakteria, ya 3 hushika RNA (kemikali inayobeba maelekezo ya urithi) ya nyuzi mbili inayotokana na virusi. Kikishika tu, chembe inatoa kemikali za kuita askari, panavimba.

Lakini Toll ya 2 na ya 4 hushika pia mabaki ya chembe zetu wenyewe zinapopasuka. Kwenye laikeni planasi, chembe nyeupe za damu za aina ya T hujazana chini ya ngozi laini na kuua chembe za tabaka la chini. Mabaki yakimwagika, vipokezi vinayasoma kama hatari, askari wengine wanaitwa, nao wanaua zaidi. Ndiyo maana moto hauzimiki hata pasipo mdudu. Kilichouwasha mwanzo, sayansi bado haijakithibitisha. Watafiti waliopima vinyama vya wagonjwa wamekuta wingi wa vipokezi hivi umebadilika, ingawa majibu yao hayafanani kwa kila aina.

Nimekueleza yote haya kwa sababu ya mswaki. Anayeumia huacha kupiga mswaki, ukoga unajaa, na ukoga ni bakteria, yaani kuni za moto huohuo. Apige mswaki laini taratibu, asubuhi na usiku, na dawa ya meno isiyo na povu jingi. Dawa ya kupaka, kama ni ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, apake baada ya kula, kisha akae nusu saa bila kula wala kunywa. Ukitokea utando mweupe unaofutika, hiyo ni fangasi, arudi akatibiwe.

Achunguzwe mdomo kila baada ya miezi sita hivi, maana kwa wagonjwa wachache, kama 1 kati ya 100, hugeuka saratani. Kidonda kikiwa kigumu au kikiota kinyama, asisubiri tarehe. Anatumia dawa nyingine yoyote?

BintiNgamiani
Nimelia hapa. Tambuu hajawahi. Anameza dawa za presha, alianza miezi michache kabla ya haya. Na mswaki kweli, ameacha tangu Ramadhani, anasukutua maji tu.

TabibuWaMeno
Dawa za presha asiziache, tafadhali sana, presha inaua. Ila beba maboksi yake umwonyeshe daktari, baadhi huleta vidonda vinavyofanana na hivi, na yeye ndiye wa kubadilisha.

MzeeWaPangani
Na huyo shangazi mwite kwa upole, umsomee hapo juu. Mtu huogopa asichokijua.

BintiNgamiani
Nimemsomea, mzee wangu. Kanyamaza. Kikombe nimekirudisha kabatini na vingine. Tabibu, dukani niulize mswaki gani?

TabibuWaMeno
Waambie laini kabisa. Ukikosa, chukua wa mtoto.