Ushauri: msichana wa miaka 13 nimpe riwaya gani?

Auntie_Lanet: Wadau habari za jioni. Niko Nakuru, naishi na mtoto wa dadangu, anapenda kusoma sana. Zile riwaya za nje wanabadilishana na wenzake nimezipitia na zimenisumbua, msichana hajioni wa maana mpaka kijana fulani amwangalie. Nikampa Blossoms of the Savannah, riwaya ya Henry ole Kulet kuhusu dada wawili wanaokabiliwa na ukeketaji na kuozwa kwa lazima, juu inaanzia hapa Nakuru, alipomaliza akaniuliza, "Auntie, kwani msichana wa Kenya lazima atendewe ubaya ndio aandikwe kitabuni?" Nilikosa jibu. Ukeketaji na kuozwa kwa lazima ni mambo ya kweli na lazima yaandikwe. Lakini yule anayekosana na rafiki yake, anayeshikwa na hedhi darasani, anayegombana na mamake na bado anampenda, yuko wapi? Nisaidieni.

Nyar_Kisumo: Auntie mwambie amwangalie Resian tena, yule dada mdogo kwenye Blossoms. Ndoto yake ilikuwa kuingia Chuo Kikuu cha Egerton, hapo Njoro tu, na huo ubishi wake tangu mwanzo ndio unamtofautisha na dadake Taiyo. Hayo pia ni kukua, si mateso peke yake.

Mwalimu_Kakamega: Naunga mkono, ila shida ingine ni venye sisi walimu hufunza. Chukua Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, ilitoka 1986. Paulina ana miaka 16, anafika Nairobi na treni mwaka wa 1956, ameolewa, ana mimba, halafu anapotea mjini. Darasani tunakimbilia uhuru wa nchi, maudhui, sifa za wahusika, na hakuna anayeuliza huyo mtoto aliogopa nini usiku huo. Lakini kwa miaka 13 ningengoja kidogo.

MamaWawili_Bungoma: Si za nje zote ni mbaya dada. Jaribu Are You There God? It's Me, Margaret ya Judy Blume, ya 1970. Margaret anakaribia miaka 12, anangoja hedhi kwa hamu na wasiwasi, na wazazi ni wa dini mbili kwa hivyo hajui aombe wapi. Vijana wako lakini si wao wanaamua yeye ni nani. Someni pamoja, maswali yatakuja tu.

Auntie_Lanet: Asanteni sana. Mwalimu, tutasoma Blossoms upya na yeye, saa hii bila maswali ya mtihani. Margaret nitamtafuta hata kwa wauza vitabu vya mitumba. Lakini huyo ni mtoto wa New Jersey, bado nataka wa huku kwetu. Mwenye anajua kimoja cha umri wake, hata cha Kiswahili, aandike hapa tafadhali.