Re: Re: Re: Likizo ndefu, pasi inaisha, sura ya pili haisogei

Kutoka: Dada wa Wandegeya
Jumanne, saa 4 usiku

Shikamooni wakubwa wa orodha hii ya Waswahili wa Kampala, rika langu mambo.

Nisaidieni kabla sijachanganyikiwa. Mitihani nimemaliza mwishoni mwa Mei, imebaki tasnifu. Nikajiambia Juni, Julai na Agosti nakaa chini naandika mpaka kieleweke. Hii ni wiki ya tatu na nina kurasa mbili, moja ni ya shukrani. Wenzangu wamekwenda fildi, hosteli imebaki mimi, mlinzi na paka. Naamka saa 4, nanunua roleksi (chapati ya kuviringishia mayai) pale chini, nafungua kompyuta, naifunga.

Juu ya hayo pasi yangu ya mwanafunzi, kile kibali cha uhamiaji cha kusomea hapa, inaisha mwezi huu. Leo nimekwenda ile ofisi (jina tuliache, mnaijua) saa 1 na nusu asubuhi, nikafika dirishani saa 6. Yule kijana akalamba kidole gumba, akapekua pasipoti ukurasa kwa ukurasa kama anayetafuta noti iliyofichwa, halafu akaniambia barua ya chuo ni ya zamani, nilete mpya yenye muhuri wa wino. Nikapanda boda hadi chuoni. Mlangoni kwa wenye muhuri kuna karatasi imebandikwa kwa plasta ya kidonda: wako likizo. Tarehe ya kurudi hawakuandika. Msimamizi wangu naye yuko Ulaya, nikimwandikia barua pepe inajijibu yenyewe kwamba yuko mapumziko ya kiangazi hadi Septemba.

Ya pasi nitapambana nayo. Swali langu ni hili: ninyi mliopita miezi hii bila kengele wala mwalimu, mlijipangaje? Mlikuwa mnaamshwa na nini?


Kutoka: Kaka Kansanga
Jumanne, saa 5 usiku

Pole dada. Hilo ni dogo. Panda basi la Mutukula mpakani, vuka upande wetu Tanzania, kunywa chai na maandazi, geuka rudi. Unagongewa miezi 6 mipya. Mimi nimefanya hivyo mara mbili na bado nadunda.


Kutoka: Mama Neema, Ntinda
Jumatano, saa 12 asubuhi

Kaka Kansanga, usimpoteze mtoto wa watu. Ile miezi 6 ni ya mwana Jumuiya ya Afrika Mashariki anayekuja kutembea, kusalimia, kuuguza mgonjwa. Mwanafunzi anatakiwa awe na pasi ya mwanafunzi. Siku akiulizwa chuoni akaonyesha muhuri wa matembezi, utakwenda kumsemea wewe na maandazi yako?

Dada, sikiliza. Sisi wa Afrika Mashariki pasi hiyo hatulipii. Ni Itifaki ya Soko la Pamoja, imeanza kazi Julai 2010. Mtu akikutajia hela, muombe stakabadhi uone atakavyokohoa. Maombi yanaanzia mtandaoni, kinachokwamisha kila mwaka ni hiyo hiyo barua ya chuo.

Na bora wewe una chuo tayari. Mimi binti yangu alimaliza kidato cha sita nyumbani, matokeo yakatoka Julai, chuo cha huku kinafungua Agosti, na katikati hapo cheti cha NECTA, baraza la mitihani la kwetu, lazima kipite UNEB, baraza la mitihani la hapa, kilinganishwe. Tulikuwa tumeshampeleka mtu NCHE, baraza la elimu ya juu la hapa, kapanga foleni siku nzima, mwisho anaambiwa hapa ni kwa wenye diploma na digrii. Siku nzima! Halafu kuna wa TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, na karatasi yao ya kutokuwa na pingamizi. Na kijana wangu mdogo shule za Tanzania zinafunga Juni, za huku ndiyo kwanza muhula wa pili umechanganya. Alikuja kukaa nami mwezi mzima, dada yake darasani, mimi kazini, yeye na rimoti. Hiyo ndiyo likizo ninayoijua mimi.


Kutoka: Mvita
Jumatano, saa 3 asubuhi

Assalaam aleikum nyote. Mie nina la kusahihisha kabla ya nasaha. Kiangazi cha wapi jamani? Huyo mwalimu wa Ulaya ana kiangazi chake huko, jua latua usiku. Kwetu pwani miezi hii ni kipupwe, kusi lavuma, watu wajifunika. Na hapa Kampala mvua kubwa ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, hii Juni na Julai ni kikavu chenye baridi ya alfajiri. Jua latoka kasoro ya saa 1 na latua karibu saa 1, mwaka mzima, halina likizo. Usingoje majira yakuamshe.

Na fildi ndio nini? Mafunzo ya kazi ya mwanafunzi, sisi Kenya twasema atachimenti.

Nasaha yenyewe: nilipokuwa naandika yangu, nilifanya mapatano na bibi mmoja jirani aliyekuwa akikaanga mandazi Nakulabye. Saa 12 na nusu nampelekea maji ndoo moja, yeye anipa mandazi mawili na meza ya uani. Yule bibi hajui tasnifu ni nini, lakini nisipofika hana maji. Siku moja nililala, nikamkuta saa 2 na unga umekauka mikononi. Hakunambia kitu. Sikulala tena.


Kutoka: Kaka Kansanga
Jumatano, saa 3:20 asubuhi

Fildi ni fildi. Na mimi sijampoteza mtu, nimesema nilivyofanya.


Kutoka: Mzee wa Kyaka, Kisenyi
Jumatano, saa 2 usiku

Wanangu hamjambo.

Nimesoma yote. Mimi si msomi, nauza mchele wa kwetu hapa Kisenyi miaka mingi. Ninyi mnashangaa ofisi kulala Juni, mnasahau mwaka wa serikali hapa unafunga tarehe 30 Juni. Wiki ya mwisho kila mwenye meza anakimbizana na hesabu zake, wewe na karatasi yako ni inzi tu. Mimi shida zangu za ofisini nazipeleka mapema au nangoja Julai iingie. Ikiingia Julai nao wanaanza na kodi ya huduma ya manispaa, walioajiriwa wanakatwa Julai hadi Oktoba, kwa hiyo usimkope mtu mwenye mshahara miezi hiyo.

Kujipanga: nina daftari la kaunta, lile refu jembamba. Jioni nikishafunga vifuko, kabla sijazima taa, naandika kesho nina nini. Mambo matatu. La nne halipati mstari. Asubuhi nikifika sisomi simu, nasoma daftari. Lililofanyika nalikata kwa kalamu nyekundu, lisilofanyika nalihamisha, na likihamishwa mara tatu nalifuta kabisa kwa sababu ni uongo, sitalifanya.

Miezi hii ya ukavu ndiyo nakumbuka nyumbani zaidi. Nilikuwa kijana daraja la kwetu Kyaka lilipovunjwa mwaka 1978, vita vya Amin. Tulivuka Kagera kwa mitumbwi, mama amebeba kuku kichwani kwenye tenga. Aprili 1979 tukasikia redioni Kampala imeanguka. Nani angeniambia nitakuja kuzeekea Kampala hiyo hiyo nikipima kilo? Maisha haya. Wateja wangu wa umri wangu nikiwasemesha Kiswahili mwanzoni walikuwa wanashtuka, wanakumbuka askari wa vizuizini. Wajukuu zao sasa ndio wananiomba niwasaidie kazi ya shule.


Kutoka: Papa wa Bukavu
Jumatano, saa 3 usiku

Mzee, hiyo ya daftari ni ya kweli. Miye pia nalikuwa na yangu, mtoto akachora ngombe juu ya deni za watu.


Kutoka: Kaka Kansanga
Alhamisi, saa 1 asubuhi

Mzee umenipa wazo. Baraza la mawaziri la hapa Julai 2022 lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima msingi na sekondari. Walimu hawatoshi. Dada, shule ziko muhula wa pili sasa hivi, nenda kafundishe! Unapata hela, unapata ratiba, unaamka na kengele. Na tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, watatafuta watu wa kutunga mashairi.


Kutoka: Mama Neema, Ntinda
Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Kaka. Pasi ya mwanafunzi si kibali cha kazi. Soma kwanza, andika baadaye.

Na hicho Kiswahili rasmi tunakisikia tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005 ikakiita lugha rasmi ya pili. Nionyeshe fomu moja ya ofisi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Moja!


Kutoka: Kaka Kansanga
Alhamisi, saa 1:30 asubuhi

Mambo yanakwenda polepole mama. Hata sisi huku tunakatwa tu. 2018 walianza na shilingi 200 kwa siku kuingia mitandaoni, Julai 2021 wakaiondoa wakaweka asilimia 12 kwenye kila bando. Mwanafunzi wa likizo atatafuta makala za utafiti kwa bando lipi? Wakitaka watu wasome waanzie hapo, halafu


Kutoka: Msimamizi wa orodha
Alhamisi, saa 2 asubuhi

Ndugu zangu, siasa za wenyeji wetu tuziache mlangoni. Sote humu tumekaribishwa. Ujumbe wa Kaka Kansanga umekatika wenyewe, sikuukata mimi.


Kutoka: Dada wa Wandegeya
Ijumaa, saa 11 jioni

Asanteni sana wote. Mzee, nimenunua daftari refu jembamba pale Wandegeya. Leo niliandika: barua, barua, sura ya pili.

Nilirudi chuoni. Karatasi imeondolewa mlangoni, imebaki plasta. Ndani kuna mama mmoja anakula katogo (mchemsho wa ndizi) juu ya mafaili, akaniambia mwenye muhuri anakuja Jumatatu, lakini wino umekwisha na wa kununua wino anasubiri bajeti ya Julai. Nikamuuliza nikileta wino wangu? Akacheka hadi akapaliwa. Kisha akasema, leta. Kwa hiyo Jumatatu nakwenda na wino. Mwenye kujua duka la wino wa mihuri hapo mjini anielekeze.

Sura ya pili sijaigusa. Na Mvita, jirani yangu wa karibu ni yule mlinzi, maji anachota mwenyewe.


Kutoka: Mvita
Ijumaa, saa 12 jioni

Wino ulizia kwenye vile vibanda vya kuchonga mihuri, Nasser Road. Chukua wa zambarau, ule mweusi huonekana kama nakala na watakurudisha. Mlinzi mpelekee chai.


Kutoka: Mama Neema, Ntinda
Ijumaa, saa 1 usiku

Na ubebe pasipoti, kitambulisho cha chuo, na nakala mbili mbili za kila kitu. Nakala toa mtaani kwako, pale nje ya ile ofisi wanatoza mara tatu.

Jamani kuna anayekwenda Bukoba wikiendi hii? Nina kifurushi cha dawa za mama mkubwa. Akirudi aniletee kahawa ya kutafuna na senene kidogo.


Kutoka: Mzee wa Kyaka, Kisenyi
Ijumaa, saa 2 usiku

Senene mwezi wa Juni, mama? Hao wa kukaushwa mwaka jana watakuvunja meno, ngoja Novemba. Kahawa ipo. Kijana wangu anaondoka Jumapili kwa basi la asubuhi, lete kifurushi dukani kabla sijafunga. Nimekuandika, mstari wa pili.