Nyuki wakiondoka mzingani: wamegawanyika au wamehama? Tupeane uzoefu, Nyanda za Juu Kusini

Mfugaji wa Mafinga (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu. Mvua zikikaribia, simu zinaanza: "Nyuki wangu wamehama." Ukimwuliza mwenye mzinga ameukutaje, mara nyingi hajaufungua. Ameona wingu la nyuki likipita juu ya bati, basi, amekata tamaa. Naomba tupeane uzoefu wa jambo hilo moja: nyuki walipoondoka, ndani ya mzinga ulikuta nini?

Nauliza hivyo kwa sababu kuna safari mbili za nyuki na hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni kugawanyika. Kundi limeshiba, chavua na mbochi (maji matamu ya maua) vinaingia kwa wingi, nafasi imekwisha. Malkia mzee anaondoka na nyuki vibarua wengi, na nyuma wanabaki nyuki wengine, majana (watoto wa nyuki walio bado kwenye sega), na vyumba vya malkia mpya vilivyoning'inia ukingoni mwa sega mfano wa ganda la karanga. Ya pili ni kuhama. Hapo wanaondoka wote na unakuta masega makavu, pengine na nondo wa nta ameshaanza kutambaa. Anayegawanyikiwa ana kundi lenye afya. Anayehamwa ana tatizo pale pale kwenye mzinga, na akileta kundi jingine bila kulitafuta tatizo hilo, nalo litaondoka.

Nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kuhama kuliko wale wa Ulaya, ndiyo maana maelezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya wafugaji wa huko hayatutoshi.

Kwangu, maua yakiwa mengi, nakagua viunzi (vijiti vya mbao vinavyobeba masega) kila wiki. Malkia hutoka siku ya 16 hivi tangu yai litagwe, na chumba chake huzibwa karibu na siku ya 8. Kundi la kwanza kwa kawaida huondoka vyumba vikishazibwa. Ukikagua mara moja kwa mwezi utakuta mambo yamekwisha. Nikiona vyumba vimeanza, nagawa mwenyewe jioni: malkia mzee anaingia mzinga mpya na masega machache ya majana, sega la asali na nyuki wa kutosha. Mzinga wa zamani naubakishia vyumba viwili vizuri, vingine naviondoa. Usipoviondoa, kundi linaweza kugawanyika tena mara ya pili na ya tatu mpaka linabaki la kuhurumiwa. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Lazima awepo wa kushika bomba la moshi.

Mama wa Tukuyu

Wanangu, mimi nina mizinga miwili tu nyuma ya migomba, kwa furaha yangu na asali ya wajukuu. Kundi la kwanza sikulinunua. Lilitua kwenye mparachichi wa jirani, na vijana walishawasha mienge ya kulichoma. Niliwasihi wasubiri.

Kundi lililotoka kugawanyika limejaza matumbo asali ya safari, halina majana wala akiba ya kulinda, hivyo huwa pole. Ila likikaa tawini muda mrefu bila kupata makazi, akiba ya tumboni inaisha na upole unaisha nao. Msiliamini kwa sababu tu limetulia. Vaeni kinga.

Jua lilipoanza kushuka tuliweka sanduku chini ya tawi, tukalitikisa tawi kwa nguvu mara moja, tukafunika na kuacha upenyo. Hapo ndipo utajua kama malkia ameingia. Wale wa mlangoni wanainua mikia na kupepea mabawa, wanatoa harufu ya kuwaita wenzao, na walioko hewani wanaingia taratibu kama wameitwa kwa majina. Malkia akibaki juu, wote wanarudi tawini. Giza lilipoingia ndipo tukalibeba.

Jambo jingine kwa sisi wa Rungwe wenye ndizi kila kona. Nyuki akichoma, hutoa harufu ya hatari inayofanana sana na ya ndizi mbivu, na wenzake wakiisikia wanakuja kwa vita. Usiende mzingani ukiwa umetoka kula ndizi mbivu, na mkungu unaoivia karibu na mizinga uondoe mapema. Ukichomwa, kwangua mwiba haraka na upulizie moshi pale pale. Akivimba uso au kushindwa kupumua mtu, huyo ni wa hospitali mara moja, si wa kupakwa kitunguu.

Kijana wa Isimani

Shikamoo mama. Mkuu wa Mafinga, mimi nilihamwa, na jibu la swali lako ni hili: nilikuta mzinga mtupu, bila sega lenye asali hata moja.

Tulimpata mrina wa kukodi. Alikuja usiku, akakata kila kitu, mpaka masega yenye majana, akaondoka na ndoo zake. Huku kwetu ni pakavu. Alizeti ikishavunwa hakuna maua ya kueleweka. Kundi lililobaki halikuwa na chakula wala watoto wa kulifanya likae. Likaondoka.

Siku hizi narina mwenyewe. Nachukua masega ya pembeni tu, yale ambayo nyuki wameziba sehemu kubwa kwa nta, na yenye majana siyagusi. Asali isiyozibwa ina maji mengi na huchacha. Maji nayo ni chakula huku: naweka karai lenye mawe ili nyuki wasizame, na halikauki kiangazi chote. Miguu ya vichanja imesimama kwenye makopo ya oili chafu, maana siafu wakipanda usiku mmoja kundi zima linaweza kukimbia. Pia zungumzeni na wenye mashamba jirani. Dawa ipigwe jioni nyuki wakiwa wamerudi, si saa nne asubuhi maua yakiwa wazi.

Mdau wa Makete

Kwetu adui ni baridi. Kutoka hapa hadi Kitulo, Juni na Julai kuna asubuhi majani yana barafu. Nyuki hawatoki jua lisipopasha, lakini majana yanahitaji joto la nyuzi 34 au 35 muda wote, na joto hilo linatengenezwa kwa asali. Ukirina yote Mei, Julai unazika kundi.

Milango ya mizinga yangu inatazama mawio, nyuma kuna ukuta wa miti ya kukinga upepo. Kundi dogo nalibana kwa ubao ndani ili lisipashe joto mzinga mzima.

Mgeni wa Uyole

Wakuu, nina mzinga mpya wa viunzi vya juu, umekaa tangu mwaka jana na hakuna nyuki aliyeingia. Je, naweza kuweka nyuma ya nyumba? Nina majirani na mbuzi.

Mfugaji wa Mafinga

Karibu, ndugu. Anza na mbuzi: mnyama aliyefungwa kamba hawezi kukimbia, na nyuki wetu wakikasirika wanaua. Kama kiwanja ni kidogo na watoto wa jirani wanapita hapo, tafuta shamba la ndugu nje ya mji. Hilo sikufichi.

Kuhusu kuvutia nyuki, mzinga mpya unanuka mbao. Yeyusha nta safi uipake kwenye mstari wa kila kiunzi na ndani ya mlango, kisha sugua mchaichai. Harufu yake inakaribiana na ile wanayoitumia kuitana. Utundike juu, penye kivuli, kabla ya msimu wa maua. Safisha buibui kila mara. Pima na viunzi: kwa nyuki wetu upana ni milimita 32. Fundi akikuchongea 35 za nyuki wa Ulaya, masega yatajengwa mshazari na hutaweza kuinua kiunzi kimoja bila kuvunja vitatu.

Ukiona nyuki wachache wanaingia na kutoka wakikagua kona, usiufungue wala usiuhamishe. Hao ni wapelelezi. Kundi likiingia, liache litulie, lijenge, malkia atage. Majana yakishakuwepo haliondoki kirahisi. Na ukitaka kuusogeza mzinga baadaye, kumbuka wanakariri mahali: usogeze chini ya mita moja kwa mara, au uupeleke mbali kabisa, kilomita tano hivi. Kundi lililotua tawini tu ndilo unaloweza kulipeleka popote usiku uleule.

Mama wa Tukuyu, nina swali kwako. Kundi la mparachichi ulilipa sega la majana kutoka mzinga mwingine ili likae, au lilikaa lenyewe?

Mama wa Tukuyu

Wakati ule sikuwa na mzinga mwingine, mwanangu. Nililiwekea nta, na mipapai na maboga yalikuwa na maua, likakaa. Lakini la pili nililipa sega moja la majana machanga nikiwa nimelikung'uta nyuki wake, na kesho yake asubuhi walishaanza kuleta chavua.