Naomba ushauri: upindo wa gauni la krepu ushonwe vipi kwa mkono usionekane nje?

BintiKorogwe: Habari zenu wakuu. Nina gauni la krepu, bluu iliyokoza. Fundi alilipunguza kwa cherehani, mstari wa uzi ukawa unaonekana nje, nikaufumua. Nataka nilikunge mwenyewe, lakini nikishona kwa mkono vinatokea vinukta nje na kitambaa kinavutika. Halafu ubavuni mshono umeachia kama inchi moja. Cherehani sina. Nawasilisha.

FundiMstaafu: Unachota kitambaa kingi na unakaza uzi, basi. Kunja ukingo nusu sentimita, piga pasi. Kunja upindo wenyewe, upige bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kwa uzi wa rangi nyingine, chini kidogo ya ule ukingo. Sasa usishone juu ya upindo! Urudishe ukingo nyuma kwa kidole gumba, ushone humo ndani, kati ya upindo na gauni. Kwenye gauni chota nyuzi moja au mbili za kitambaa, zisizidi. Kwenye upindo chota hata zaidi, hakuna atakayeona. Songa milimita sita hivi, rudia. Uzi uwe mmoja, usiukunje mara mbili, na uache umelegea.

Mzee wa Fasta: Dada, mambo yote hayo ya nini? Mafundi wenye mashine za kukunga wapo, unasubiri hapohapo.

FundiMstaafu: Mkuu, kwa suruali ya kitambaa kizito sikupingi. Krepu inateleza, mashine isiporekebishwa vizuri inachota kupita kiasi, vinukta vinarudi palepale.

Shangazi wa Makadara: Mwanangu, watumia sindano gani? Za mkono, namba ikipanda ndivyo inavyokuwa nyembamba. Chukua 9 au 10. Uzi nao usiuchague ungali kwenye kibiringo, hapo rangi hudanganya. Vuta uzi mmoja, ulaze juu ya kitambaa mchana, karibu na dirisha. Ukikosa unaolingana, twaa uliokoza kidogo kuliko nguo. Uliopauka utang'aa.

BintiKorogwe: Asante shangazi, yangu ni 5, nene kabisa. Na pale ubavuni je?

Mama Bitana: Kama gauni halina bitana, geuza ndani nje ushone kwa kurudi nyuma, ndiyo imara. Kama lina bitana, shona kutokea nje. Pinda pande zote mbili kwa ndani pale mshono ulipokuwa, ficha fundo chini ya mkunjo. Pitisha sindano ndani ya mkunjo wa upande mmoja milimita tatu, vuka moja kwa moja upande wa pili, pita tena milimita tatu, rudi. Utaona vijiti kama vya ngazi. Baada ya hatua tano au sita vuta taratibu, vitazama na pande zitafungana. Ukivuta kwa pupa patakunjamana.

BintiKorogwe: Hii ya ngazi nimeijaribu kwenye foronya ya zamani, imekubali! Swali la mwisho: pasi nipige kabla ya kutoa bandi au baada?

FundiMstaafu: Toa bandi kwanza, la sivyo alama zake zitabaki. Piga kwa ndani, juu ya kitambaa chenye unyevu. Bonyeza na kuinua, usiburuze. Na usikanyage ukingo wa juu wa upindo, utajichora nje.