Damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni. Dawa nameza, lakini hofu haiishi. Nishaurini

Dere wa Kayole
Wakubwa kwa wadogo, hamjambo. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunicheka.

Mimi ni mwendeshaji boda hapa Nairobi. Mapema mwaka huu gari dogo lilinigonga ubavuni, mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Nikafungwa plasta, nikarudi nyumbani kulala. Ilipotolewa, shavu la mguu lilikuwa limefura na linauma, nikaambiwa ndiyo kawaida ya mfupa. Siku chache baadaye nilikuwa napanda ngazi za ploti nikakata pumzi katikati, kifua kikachoma kila nikivuta hewa. Skani ikaonyesha damu imeganda mguuni na vipande vimeingia mapafuni, pande zote mbili. Nililazwa, nikawekewa oksijeni, nikachomwa zile sindano za tumbo, kisha nikaruhusiwa na vidonge vya rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Hapo nashukuru Mungu. Shida ni usiku. Watoto wakilala na jirani akizima redio, nabaki nasikiliza moyo. Ukienda mbio kidogo tu najua imerudi. Nilinunua kile kifaa cha kubana kidole cha kupima oksijeni, nakivaa mpaka mke wangu anakificha. Juzi tulikwama kwa foleni Jogoo Road, mvua, madirisha yote yamefungwa. Mikono ikafa ganzi, jasho likanitoka, nikamwambia konda anishushe. Nikakaa kando ya barabara nikijua ndio mwisho wangu. Baada ya muda ikapita yenyewe.

Kliniki daktari amesema mapafu yanaendelea vizuri. Hakuniuliza kichwani kukoje, nami sikusema. Ningeanzia wapi? Mwanaume mzima, baba wa wawili, naogopa kulala. Shemeji yangu naye ameshaamua kuna mtu amenichezea. Maswali yangu ni mawili. Hii hofu huisha? Na nitajuaje kwamba hii ni hofu na hii ni damu?

Mama Pacha
Pole sana kaka. Hakuna wa kukucheka hapa. Mimi yangu iliganda baada ya kujifungua pacha kwa upasuaji. Mguu ulipona, pumzi ikarudi, lakini woga ulikaa nami muda mrefu kuliko vyote viwili. Nilikuwa namwamsha mume wangu anisikilize kifua, maskini, mtu wa zamu ya asubuhi Industrial Area.

Kilichonisaidia ni kusema. Kliniki iliyofuata nilimwambia daktari hata kabla hajafungua faili: "Siogopi mguu, naogopa usiku." Akaniambia wagonjwa wengi waliopitia haya mapafuni hubaki na wasiwasi hivyo, akanielekeza kwa mshauri nasaha wa hospitali hiyo hiyo. Kama una aibu kuanza, andika kwenye karatasi umpe asome.

Babu Mitishamba
Kijana, hizo dawa za mzungu zitakumaliza figo. Achana nazo. Tafuna vitunguu saumu vitatu asubuhi na tangawizi mbichi, halafu tafuta mama anayejua kukanda akukande huo mguu na mafuta ya moto mpaka damu ifunguke. Wiki mbili utaruka.

Nesi Mstaafu
Babu, kwa heshima zote, hapana. Dere, usiache dawa hata siku moja bila daktari. Ukiikatiza ghafla ndipo hatari ya damu kuganda tena inapopanda. Na mguu wenye damu iliyoganda haukandwi. Vitunguu vya kwenye mchuzi havina neno, kula. Lakini kuvitafuna kwa wingi kama dawa juu ya dawa ya damu kunaweza kukuletea kutokwa na damu.

Sasa nikueleze, maana woga mwingi unatoka kwa kutoelewa kilichotokea. Karne ya 19 kulikuwa na daktari Mjerumani, Rudolf Virchow. Hadi leo tunafundishwa mambo matatu yanayohusishwa na jina lake: damu kutotembea vizuri, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuganda kwa urahisi. (Siku yake ya kuzaliwa, 13 Oktoba, ndiyo siku ya dunia ya ugonjwa huu.) Wewe ulivunjika mfupa, ukalala na plasta. Mambo mawili waziwazi, pengine yote matatu. Mwambie shemeji hakuna aliyekuchezea. Tena damu iliyoganda kwa sababu inayojulikana kama yako huwa na uwezekano mdogo wa kurudi kuliko ile iliyokuja bila sababu. Ndiyo maana wengi wa aina yako hupewa dawa miezi mitatu hivi, halafu daktari anapima upya. Muulize: yangu ni ya muda gani? Kujua tarehe peke yake hupunguza mawazo.

Dawa yenyewe haiyeyushi donge. Inalizuia lisikue na mengine yasiundwe, na mwili unalimaliza polepole. Kwa hiyo kuchoka na kuhema ngazini wiki kadhaa, hata miezi, kunatarajiwa. Ila ikifika miezi mitatu na bado unahema kwa kazi ndogo, sema, wakupime moyo kwa ultrasaundi. Na hicho kidonge, kile cha miligramu 15 na cha 20, humezwa pamoja na chakula, la sivyo hakiingii vizuri mwilini. Chai kavu si chakula.

Swali lako la pili ndilo gumu. Hofu kali mara nyingi hupanda haraka, hufika kilele ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka, na huja na ganzi ya vidole na kutetemeka, kama ulivyosimulia ya Jogoo Road. Lakini hata sisi tuliovaa sare hatutofautishi kwa kubahatisha. Ukipata kuhema kwa ghafla kusikoisha ukipumzika, kifua kuchoma ukivuta hewa, kukohoa damu, kuzirai, au mguu mmoja kufura upya, usiulize mtandaoni, nenda hospitali usiku huo huo. Vilevile ukipata choo cheusi kama lami, mkojo wenye damu, au damu ya pua isiyokatika. Ukienda ikawa ni hofu tu, hujampotezea mtu wakati. Nimepokea wengi hivyo na sikumnunia hata mmoja.

Na kile kifaa cha kidole, jua kwamba Nairobi tuko juu mno, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo namba ya hapa huwa chini kidogo kuliko ya mtu aliye Mombasa. Vidole vikiwa baridi nayo inadanganya. Muulize daktari namba yako ya kawaida ni ipi, na upime pale tu unapojisikia vibaya.

Kijana wa South B
Huyo mke anayeficha mashine anastahili soda baridi.

Warfarini Tangu Zamani
Nesi amesema yote, mimi niongeze ya dukani. Kabla hujanunua chochote kwa kemisti sema kwanza: "Niko kwa dawa ya kuzuia damu kuganda." Hizi dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, tunazonunua kama peremende zikiumana na dawa yako unaweza kutokwa na damu tumboni. Maumivu madogo, uliza kama panadol inakutosha.

Mimi natumia warfarini, nayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya vali ya moyo, na kwetu kuna vita vya mboga. Jirani aliambiwa aache sukuma wiki kabisa. Hapana! Mwenye warfarini anakula mboga zake, ila kiasi kisipande na kushuka: si leo sahani mbili za managu, kisha wiki nzima hakuna. Wewe wa rivaroksabani huna hiyo shida, kula sukuma yako kwa amani. Nami naendelea kwenda kutobolewa kidole kupima damu, kaa kwenye foleni, rudi nyumbani.

Shabiki wa Tenisi
Kaka, Serena Williams alipata damu mapafuni mwaka 2011. Akajifungua 2017 kwa upasuaji, ikamrudia. Lakini safari hiyo alipokata pumzi alijua mwenyewe, akasisitiza apigwe skani, na kweli wakaipata. 2018 alikuwa fainali ya Wimbledon. Alishindwa, sawa, lakini fainali!

Dere wa Kayole
Nimesoma zote, mke wangu kando yangu anacheka hiyo ya soda. Babu nakuheshimu, lakini nimebaki na vidonge vyangu.

Nesi, swali la kazi. Nitarudi kwa pikipiki na hii dawa? Nyumba inataka kodi. Tena kuna matanga Kakamega, mjomba aliyenilea. Nisipoenda nitaonekana vipi? Basi letu la usiku huondoka jioni na kufika alfajiri. Nikifikiria kukaa humo ndani giza, kifua kinaanza.

Nesi Mstaafu
Pole kwa msiba.

Pikipiki kwanza. Hilo ni la daktari wa mifupa na wa damu kwa pamoja, mguu uwe umeunga na una nguvu. Ningekuwa mimi ningesubiri dawa iishe. Nikijibiwa "tutakula nini?" sina jibu la maana, najua hali. Kama itabidi urudi mapema, kofia ngumu yenye kamba imefungwa, si ya kuning'iniza kiwiko. Kwenye pochi weka kadi yenye jina la dawa na namba ya mke wako. Na ukigonga kichwa, hata kama umeinuka unacheka, nenda hospitali. Kwa mtu wa dawa hii damu inaweza kuvujia ndani ya kichwa polepole.

Kuhusu kifua kuanza: vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita, mkono juu ya tumbo. Fanya mazoezi mchana ukiwa mtulivu, usingoje shida ikufikie. Isipotosha, kuna washauri. Hospitali ya Kenyatta wana kliniki ya afya ya akili, Mathari vilevile, na watu wakicheka waache wacheke. Ukitaka tu kuongea, 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure. Ukiandikiwa dawa ya wasiwasi, taja hii ya damu, kwa sababu baadhi huongeza kutokwa na damu.

Mwana wa Kanisa
Naomba pamoja nawe, ndugu. Na yule mshauri nasaha nenda pia. Mchungaji wetu mwenyewe anakwenda.

Mama Pacha
Dere, piga simu kliniki kwanza uwaambie unasafiri. Wakikuruhusu, panda la mchana. Giza halitakusumbua, na ukishuka popote kuna watu. Chukua kiti cha kando ya njia uweze kunyoosha mguu na kusimama. Safari ikizidi muda wa saa nne damu ya mguuni huzubaa, kwa hiyo kila baada ya muda inua visigino, shusha, inua, shusha, kama unakanyaga cherehani. Wakisimama Nakuru usibaki ndani ukila mahindi, shuka utembee. Kunywa maji, hata kama utasumbua dereva kwa haja ndogo.

Dere wa Kayole
Nimeongea na kliniki asubuhi. Wamesema naweza kwenda, na nikirudi nipite nionane na mshauri, nimeshaandikwa. Tiketi ni ya mchana, kiti cha kando ya njia. Mke anakuja nami, watoto wanabaki na jirani.

Nesi Mstaafu
Vizuri. Vidonge viende kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti ya basi. Na beba vya siku mbili zaidi, matanga ya kwenu nayajua.