Vitabu vya baiskeli: kikundi chetu Mwanza kianze na kipi?

Isamilo Mlimani (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Sisi ni kikundi cha waendesha baiskeli hapa Mwanza: wanafunzi, watu wa ofisini, na mafundi. Wengi wetu tuna zile baiskeli za gia za mtumba kutoka Japani. Jumapili tunakutana Buzuruga, tunaelekea Kisesa, tunapita Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, halafu tunarudi kwa njia za ng'ombe ili kukwepa lami na malori.

Tumechanga hela ya kununua vitabu viwili au vitatu vya kukaa kwa fundi wetu, kila mtu avisome. Hapo ndipo tulipogawanyika. Kuna wanaotaka vya ufundi na uendeshaji: Zinn and the Art of Mountain Bike Maintenance cha Lennard Zinn, na Mastering Mountain Bike Skills cha Brian Lopes na Lee McCormack. Wengine wanataka simulizi: Land of Second Chances cha Tim Lewis kuhusu timu ya Rwanda, The Climb cha Chris Froome, na Fat Tire Flyer cha Charlie Kelly, kinachoeleza baiskeli za milimani zilivyoanza.

Nianze na msimamo wangu ili msinizunguke. Cha Lewis nimekisoma na sijaona kitabu cha baiskeli kinachotuhusu kuliko hicho. Kilitoka mwaka 2013 na moyo wake ni Adrien Niyonshuti, kijana aliyepoteza ndugu zake wengi kwenye mauaji ya kimbari ya 1994, akaja kubeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London 2012 na kushindana mbio za baiskeli za milimani. Alimaliza wa 39. Ukisikia namba hiyo bila kusoma kitabu unaweza kuipuuza. Ukishasoma, utaelewa kwa nini kumaliza tu kulikuwa jambo la nchi nzima. Na Rwanda si mbali, ukitoka hapa ni Geita, Biharamulo, Ngara, uko Rusumo.

Ila sitaki kuamua peke yangu. Mliosoma, leteni hoja.

Fundi Gololi

Mleta mada, mimi niko upande wa Zinn na sitabanduka.

Sababu ya kwanza ni michoro. Kitabu kile kina picha za mkono za kila kifaa kikiwa kimefunguliwa, gololi zake, nati zake, washa zake, kwa mpangilio unaoingiana. Kijana asiyejua Kiingereza anaweza kufungua ukurasa wa ekseli ya nyuma, akaweka vifaa mezani kwa mpangilio ule ule, na asibakiwe na washa mkononi. Pia kila kazi imepewa ngazi, ya kwanza mpaka ya tatu, kwa hiyo anayeanza anajua aishie wapi na lini amwite fundi.

Nitoe mfano mmoja wa kazi ninayoletewa kila wiki. Baiskeli inakuja, spoku za gurudumu la nyuma zimekatika, kile chombo kinachohamisha cheni kimepinda na kimeingia ndani ya gurudumu. Mwenyewe anasema gia ni mbovu. Ukiangalia, pale nyuma kuna skrubu mbili ndogo, moja ina alama ya H, nyingine L. Ile ya H inazuia cheni isivuke gia ndogo kabisa na kuangukia kwenye fremu. Ile ya L inaizuia isivuke gia kubwa na kuingia kwenye spoku. Mtu amezichezea zote mbili akidhani anakaza waya wa gia, cheni ikakosa ukuta. Zinn anafundisha mpangilio: kwanza weka mipaka kwa skrubu hizo, ndipo ushike waya. Kurasa chache tu, zinaokoa gurudumu zima.

Nisikilizeni hapa vizuri: msinunue toleo jipya. Kitabu kilianza kutoka mwaka 1996 na kila toleo linafuata baiskeli za wakati wake. Matoleo ya karibuni yanashughulika sana na breki za mafuta, gia za umeme na tairi zisizo na tyubu. Baiskeli zetu za mtumba ni za gia saba au nane kwa nyuma, breki za waya za kubana ringi. Toleo la zamani lililotumika ndilo linalolingana na chuma tulichonacho, na ni rahisi zaidi.

Tairi Nene

Fundi nakuheshimu, lakini kitabu cha kutengeneza hakimfundishi mtu kuendesha. Nimeona vijana wenye baiskeli nzima kabisa wakianguka kwenye mteremko wa Bugando kwa sababu wanakaa kwenye siti wamekakamaa, macho yako kwenye tairi la mbele.

Cha Lopes na McCormack kinarekebisha hayo. Lopes amekuwa bingwa wa dunia, na McCormack ni mwalimu anayejua kuvunja jambo vipande vipande. Fundisho lao kubwa ni uzito uwe kwenye miguu, mikono iwe myepesi. Simama kwenye pedeli zikiwa usawa mmoja, kunja viwiko na magoti, shusha kifua, angalia unakokwenda. Ukifanya hivyo mwamba unapita chini yako, baiskeli inacheza na wewe umetulia. Kwa mji wetu uliojengwa juu ya mawe hiyo ni elimu ya kwanza kabisa.

Halafu kwenye simulizi naongeza It's Not About the Bike cha Lance Armstrong. Mtu aliyepona saratani akarudi kushinda Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa. Kinaamsha.

Kamanga Feri

Tairi Nene, kwenye Lopes niko nawe nusu. Sura za kuruka, kutua, na kurekebisha springi za mbele na nyuma zinadhani una baiskeli ambayo hapa mjini wanazo wachache mno. Ukiwa na fremu ngumu ya chuma bila springi, kisome mpaka kwenye kona na breki, kilichobaki kiache. Lakini zile sura za mwanzo za mkao wa mwili zinafaa hata kwa Phoenix yenye keria.

Kwenye Armstrong, hapana. Kitabu kilitoka mwaka 2000. Mwaka 2012 alinyang'anywa mataji yote saba ya Tour de France kwa kutumia dawa zilizokatazwa, na mwanzoni mwa 2013 akakiri mwenyewe. Kuugua kwake na kupona kwake ni kweli, hakuna anayebisha. Lakini simulizi ya ushindi ndani ya kile kitabu imeficha jambo lenyewe lililoleta ushindi. Wanafunzi wetu wakikisoma peke yake tutakuwa tumewapa uongo uliopambwa vizuri. Kama ni lazima kiwepo, kikae pamoja na The Secret Race cha Tyler Hamilton na Daniel Coyle, cha mwaka huo huo wa 2012. Hamilton alikuwa timu moja na Armstrong, na anaeleza bila kujificha mifuko ya damu ya kujiongezea nguvu, ratiba za kukwepa vipimo, na jinsi kijana mwema anavyoingizwa hatua kwa hatua. Kwa anayeota kushindana, hicho ndicho cha kumpa.

Kura yangu ya simulizi ni The Climb. Froome alizaliwa Nairobi, na aliyemshika mkono utotoni ni David Kinjah, Mkenya mwenye rasta, aliyekuwa akiwalea vijana wa kijijini kwake kwa baiskeli za kuungaunga. Kurasa za mji wa Kikuyu na Bonde la Ufa ni tamu kuliko za Ufaransa, hata kama Ufaransa ndiko aliposhinda Tour mara nne.

Ila kuna sehemu inayotuhusu sisi wa ziwani moja kwa moja. Froome alikuwa anachoka bila sababu, leo anapanda vizuri, kesho anaachwa na kila mtu. Mwaka 2010 akabainika ana kichocho. Ikabidi atumie dawa ya kichocho, prazikwanteli, na zaidi ya mara moja. Sisi tukitoka Sengerema, sasa kwa kuwa Daraja la J.P. Magufuli limefunguliwa tangu Juni 2025 tunavuka bila kusubiri kivuko, tukifika ufukweni watu wanaingia majini mpaka magotini kuosha baiskeli na miguu. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani ndiko konokono wanaobeba kichocho wanapokaa, na vimelea vinapenya kwenye ngozi. Mtu anamaliza mwezi analalamika kwamba mazoezi hayampandi. Aende akapime. Na baiskeli ioshwe kwa maji ya bomba.

Binti wa Bwiru

Habari zenu kaka zangu. Mmeorodhesha vitabu vyote na hakuna hata kimoja cha mwanamke, wakati Kanda ya Ziwa wanawake wanashindana mbio za baiskeli miaka yote na wanashangiliwa.

Nawaletea The Ukimwi Road cha Dervla Murphy, cha mwaka 1993. Huyu mama wa Ireland alikuwa na miaka sitini alipoendesha baiskeli kutoka Kenya mpaka Zimbabwe, akapita Uganda na Tanzania, wakati ugonjwa umeshika kasi na watu wanazika kila wiki. Kinaumiza. Kuna mahali anatoa hukumu za haraka kuhusu watu aliokutana nao, na sikubaliani naye kila ukurasa. Lakini alilala walikolala wenyeji, alikula walichokula, na aliwasikiliza wanawake wakieleza nyumba zao zilivyobaki na bibi na wajukuu. Walio na umri wa kukumbuka miaka ile Kagera na Mwanza watakisoma kwa namna ya peke yake.

Na kwa kuwa hela ni ndogo, kuna vya bure. Vile vya zamani hakimiliki imekwisha, mnavipakua kwenye simu. A Wheel Within a Wheel cha Frances Willard, 1895, kinaeleza alivyojifunza baiskeli akiwa na miaka 53, enzi ambazo mwanamke kupanda baiskeli lilikuwa jambo la kusemwa. Ni kifupi, unakimaliza jioni moja. Kingine ni Around the World on a Bicycle cha Thomas Stevens, aliyeondoka San Francisco mwaka 1884 kwa ile baiskeli ya gurudumu kubwa mbele na kufika Yokohama mwishoni mwa 1886. Ni kirefu, na anawatazama watu wa Asia kwa jicho la Mzungu wa enzi zake, msomaji awe macho. Huyo huyo Stevens alikuja Afrika Mashariki mwaka 1889 kumtafuta Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu aliyezunguka Afrika.

Mwalimu wa Misungwi

Nawasalimu wote. Uzi mzuri huu.

Mimi naangalia lugha. Vitabu vyote mlivyotaja ni vya Kiingereza. Kwenye kikundi chenye vijana wa kidato cha pili na mafundi waliosoma mpaka la saba, kitabu cha kurasa mia tatu kitasomwa na wawili na kuwekwa juu ya kabati. Kwa hiyo mnapolinganisha, ulizeni pia: kipi kinaweza kusomwa kwa sauti na mmoja akawaeleza wengine kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kabisa?

Kwa kipimo hicho Land of Second Chances kinashinda, kwa sababu ni hadithi, kila sura ina mtu na safari yake. Na sasa kina uzito zaidi, maana Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Kijana aliyemwona bingwa Pogačar na wenzake wakipanda vilima vile kwenye simu yake atataka kujua barabara hizo zilianza kuzalisha waendeshaji namna gani.

Fat Tire Flyer kina picha nzuri na nakipenda. Wale vijana wa Marin, California, waliteremka mlima kwa baiskeli nzito za miaka ya 1930 zenye breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Wakifika chini, grisi ya ndani imeungua kwa joto, inabidi ifunguliwe na kupakwa upya, na mbio zao za kuanzia 1976 zikaitwa Repack kwa sababu hiyo. Mafundi wetu wataelewa mara moja. Lakini ni kitabu kikubwa cha picha, na kukisafirisha kunaweza kugharimu kuliko kitabu chenyewe. Kisubiri.

Fundi Gololi

Mwalimu umenena. Niongeze kimoja cha bure kwa ufundi: tovuti ya hayati Sheldon Brown, fundi wa Marekani aliyefariki 2008, bado ipo hewani na inafunguka hata kwenye simu ndogo. Kipimo chake cha cheni hakihitaji kifaa cha duka. Chukua rula ya inchi 12, weka mwanzo wake katikati ya pini moja. Cheni mpya, pini nyingine itaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ikifika sehemu moja ya nane, meno ya gia nayo yameliwa, utabadilisha vyote. Kwa vumbi la njia ya Kisesa, pimeni mara kwa mara.

Isamilo Mlimani (mleta mada)

Nimewasoma wote, ahsanteni sana. Tumekubaliana na wenzangu jioni hii: Zinn toleo la zamani kwanza, kisha Land of Second Chances. Hela ikibaki, The Climb, na kurasa za kichocho zitasomwa kwa kikundi kizima. Armstrong hatumchukui. Lopes tutaazima kwa Tairi Nene, akikubali, tunakili kwa mkono zile kurasa za mkao na kona. Dada wa Bwiru, Willard nimeshampakua, naomba wewe ndiye utuongoze siku ya kumsoma.

Mwenye ndugu anayekuja kutoka Kigali au Nairobi kwa basi kabla ya mwisho wa mwezi aniandikie hapa, tumpe hela na majina ya vitabu.